Je, simuleta itanizuia kurudia kosa nililofanya nikiwa zamu?

"Mimi ni afisa wa tatu katika meli ya mizigo inayofanya safari za pwani ya Afrika Mashariki. Miezi michache iliyopita, nikiwa zamu usiku karibu na mkondo wa Zanzibar, nilikuwa nikiifuatilia kwenye rada meli kubwa iliyokatisha mbele yetu, na muda wote huo sikuiona boti ya wavuvi iliyokuwa karibu zaidi upande wa pili. Mwangalizi alikuwa ameiona, lakini alidhani nami nimeiona, akanyamaza. Nahodha aliingia kwa bahati tu, akaamuru usukani ugeuzwe, na hakuna aliyeumia. Sasa kampuni inataka kunipeleka kwenye kozi ya simuleta ya siku tano. Manahodha wazee wananiambia huo ni mchezo wa kompyuta na kwamba bahari haifundishwi chumbani. Zaidi ya hapo, nilipokuwa chuoni nilipata alama za juu kwenye simuleta hiyohiyo, na hazikunisaidia. Je, mafunzo haya yatanizuia kurudia kosa, au ni karatasi nyingine ya kuweka kwenye faili? Tena tangu usiku ule, nikiona taa mbele moyo hunidunda."

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kulieleza tukio hilo bila kujificha, kwa sababu maelezo yako yana karibu kila ninachohitaji ili kukujibu. Simuleta, yaani chumba chenye mitambo inayoiga briji (chumba cha kuongozea meli), inaweza kukusaidia iwapo itatumiwa kufundisha kile kilichoshindikana usiku ule, na haitakusaidia iwapo itatumiwa kukurudishia yale unayoyajua tayari. Tofauti hiyo nitaieleza kwa kirefu, maana ndiyo itakayokuwezesha kuamua uiombe nini kampuni yako.

Tuanze na kosa lenyewe. Hukukosea kwa kutojua. Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inadai uangalizi wa macho, wa masikio na wa kila njia nyingine inayofaa, na nina hakika ungeweza kuitaja hata ukiamshwa usingizini. Yaliyotokea ni mambo mawili. La kwanza, umakini wako wote ulivutwa na meli kubwa, kwa sababu akili ya binadamu ikishapata hatari moja iliyo wazi hujikusanya hapo, na kadiri wasiwasi unavyozidi ndivyo eneo inalolitazama linavyofinyaa. Hali hiyo huwapata wazoefu na wageni vilevile. La pili, taarifa uliyoihitaji ilikuwemo ndani ya briji, kichwani mwa mwangalizi aliyesimama hatua chache tu kutoka kwako, ila haikukufikia. Ukipewa kozi inayokufundisha upya maana ya taa na kanuni za kupishana, utafaulu tena kwa alama za juu na mambo yote mawili yatabaki palepale.

Hapa nisahihishe pia usemi unaorudiwa sana katika kozi zetu, kwamba asilimia 80 ya ajali za meli husababishwa na makosa ya kibinadamu. Takwimu hiyo hutajwa kana kwamba imemaliza uchunguzi, ilhali neno "kosa la kibinadamu" linapaswa kuwa mahali pa kuanzia kuuliza: kwa nini mtu mwenye ujuzi, mwenye nia njema na asiyetaka kufa aliona jambo hilo kuwa sahihi wakati ule? Mafunzo yasiyouliza swali hilo huishia kumwambia baharia awe makini zaidi, na sijawahi kukutana na baharia aliyepanga kutokuwa makini.

Mfano ninaoupenda zaidi kuufundishia ni wa meli ya abiria Royal Majesty, iliyoondoka Bermuda mwezi Juni 1995 kuelekea Boston. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Chombo kikaanza kukadiria mahali meli ilipo kwa mwendo na mwelekeo tu, na kikalionyesha hilo kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyezitilia maanani. Usukani wa kujiendesha uliendelea kufuata makadirio hayo kwa karibu saa 34, huku upepo na mkondo vikiisogeza meli pembeni, hadi ikapanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, ikiwa maili 17 hivi nje ya njia yake. Katika saa hizo zote maafisa wa zamu walikuwa wakifanya ukaguzi. Bahati mbaya walikuwa wakilinganisha vyombo viwili vilivyokula kutoka chanzo kimoja, kwa hiyo vilikubaliana daima. Jioni ya mwisho afisa wa zamu hakuliona boya alilolitarajia, lakini alimwarifu nahodha kwamba limeonekana. Waangalizi walitaja taa zisizotarajiwa, na baadaye wakataja maji yanayovunjika mbele, na bado njia haikubadilishwa.

Uone jinsi kisa hicho kinavyofanana na chako kwa upande mmoja na kutofautiana nacho kwa upande mwingine. Kwako mwangalizi alinyamaza. Kwao mwangalizi alisema na hakusikilizwa. Katika hali zote mbili kosa la mwanzo lilikuwa dogo, na kilicholikuza ni kwamba halikukamatwa na mtu wa pili. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi halisi ya simuleta: haiwezi kumfanya binadamu asikosee, ila inaweza kumzoesha yeye na wenzake kulikamata kosa likiwa bado changa.

Inafanyaje hivyo? Baharini afisa anaweza kumaliza miaka mingi bila kupoteza GPS usiku kwenye mkondo mwembamba, na siku itakapotokea itakuwa mara yake ya kwanza. Kwenye simuleta mkufunzi anaweza kuikata GPS bila kengele kulia, kuudhoofisha mwangwi wa boti ndogo, yaani alama yake kwenye rada, hadi uonekane mzunguko mmoja na kupotea mizunguko mitatu, au kuuzuia usukani wakati feri za Likoni zinakatisha mlango wa Kilindini mbele ya meli inayoingia. Zoezi hilo linaweza kurudiwa mchana uleule, safari hii ukiwa umebadilisha jambo moja tu katika mwenendo wako, ili uone jambo hilo moja limeleta tofauti gani. Bahari haikupi nafasi ya pili ya namna hiyo.

Hata hivyo, zoezi lenyewe si sehemu yenye thamani kubwa. Thamani iko katika tathmini inayofuata, pale mkufunzi anaporudisha rekodi nyuma na kuonyesha kwenye ukuta kile kilichokuwa kwenye rada yako dakika kwa dakika, pamoja na sauti zenu. Karibu kila afisa hushangaa hapo, kwa sababu anakumbuka kwamba alibadilisha kipimo cha umbali mara kadhaa, kumbe rekodi inaonyesha alikaa kwenye maili 12 kwa dakika ishirini. Anakumbuka kwamba alimjibu mwangalizi, kumbe alitikisa kichwa tu gizani. Kumbukumbu zetu hutupendelea, na hakuna hotuba inayoweza kumshawishi mtu juu ya hilo kama sauti yake mwenyewe. Kozi inayoendesha mazoezi sita kwa siku na kutoa dakika tano za maoni baada ya kila moja inakunyima sehemu uliyoilipia. Ningependelea mazoezi mawili, kila moja likifuatwa na tathmini yenye urefu sawa na zoezi lenyewe.

Sasa niwageukie manahodha wazee, ambao wana haki kuliko wanavyopewa na wauzaji wa mitambo hii. Chumba cha simuleta hakina uchovu wa zamu ya nne mfululizo, wala hakina hofu ya kweli. Tena unapoingia humo unajua kabisa kwamba kuna jambo litakalotokea, na kungojea huko peke yake hukufanya uwe macho kuliko ulivyo saa tisa usiku siku ya kumi ya safari. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa pwani hii hasa: boti zetu nyingi ni za mbao au faiba, hazina taa ya maana, na hurudisha mwangwi hafifu mno. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, afisa huongeza kizuizi cha mwangwi wa mawimbi ili skrini isafike, na kwa kufanya hivyo anaweza kuwafuta wavuvi pamoja na mawimbi. Simuleta nyingi huzionyesha boti hizo kwa usafi usiokuwepo duniani, isipokuwa mkufunzi awe amejitaabisha kuzirekebisha.

Wana haki pia kuhusu hatari ya kujifunza kwenye chombo tofauti na utakachokitumia. Manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore tarehe 21 Agosti 2017, na mabaharia 10 wakafa, baada ya udhibiti wa usukani na wa injini kugawanywa baina ya vituo viwili vya briji na wahusika kuamini kwamba meli imepoteza usukani. Baadhi ya waliokuwa zamu walikuwa wameazimwa kutoka manowari nyingine yenye mitambo tofauti. Uchunguzi ulitaja mafunzo yasiyotosha na taratibu duni za briji. Mkono uliozoea kitufe kilicho kulia utakitafuta kulia hata pale kisipokuwepo.

Ninapotofautiana nao ni kwenye imani kwamba bahari peke yake ni mwalimu wa kutosha. Bahari hufundisha kwa matukio iliyoyaleta, na mara nyingi humlipa mtu kwa tabia mbaya. Nahodha aliyepishana kwa umbali mdogo mno mara mia na akasalimika anaweza kuhitimisha kwamba umbali ule unatosha, ilhali mara zote mia alikuwa akitegemea uangalifu wa mwenzake wa upande wa pili. Kwenye simuleta mkufunzi anaweza kumletea mwenzake asiye mwangalifu.

Ulisema alama zako za juu hazikukusaidia, na hilo halinishangazi. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, STCW wa mwaka 1978, ulifanya mafunzo ya rada kwenye simuleta kuwa ya lazima kupitia marekebisho ya 1995, na marekebisho ya Manila ya 2010 yakaongeza mfumo wa ramani za kielektroniki, yaani ECDIS, pamoja na usimamizi wa watu na vyombo vya briji. Hayo ni matakwa ya chini kabisa. Mtihani wa chuo hupima kama unaweza kukiendesha chombo na kuitumia kanuni ukiwa umetulia. Haupimi utafanya nini mambo matatu yakitokea pamoja na mtu wa pili yuko kimya. Tena ujuzi usiotumika hufifia ndani ya miezi, wakati cheti hudumu miaka mitano.

Kama unahitaji ushahidi kwamba cheti na uwezo ni vitu viwili, soma ripoti ya wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza juu ya meli ya kemikali Ovit, iliyokwama kwenye fungu la Varne katika mlango-bahari wa Dover tarehe 18 Septemba 2013. Njia ya safari ilikuwa imechorwa kwenye ECDIS ikipita moja kwa moja juu ya fungu hilo, mpaka wa kina cha usalama haukuwekwa ipasavyo, sauti ya kengele haikuwa ikifanya kazi, na afisa wa zamu alichukua dakika 19 kutambua kwamba meli imekwama. Nahodha na maafisa wake walikuwa wamehudhuria mafunzo ya mfumo huo, na wachunguzi wakahitimisha kwamba mafunzo hayo hayakuwapa ujuzi uliohitajika.

Ipo mipaka ambayo hata simuleta bora haivuki. Meli ya Wakashio ilipanda mwamba Mauritius tarehe 25 Julai 2020 baada ya njia yake kusogezwa karibu na kisiwa ili mabaharia wapate mtandao wa simu, bila ramani yenye ukubwa unaofaa kwa ukaribu huo. Huo ulikuwa uamuzi, na uamuzi wa namna hiyo hulelewa na mazoea ya meli na kampuni. Hali kadhalika, Spice Islander I iliyozama kati ya Unguja na Pemba mwezi Septemba 2011 ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Hakuna zoezi la rada ambalo lingeiokoa. Nayataja haya kwa sababu kampuni nyingine hununua kozi ili zisiguse mambo magumu zaidi.

Turudi kwako. Kozi ya kampuni ukubali, lakini omba jambo moja ambalo litabadilisha faida yake yote: usiende peke yako. Omba uende na mwangalizi au mshika usukani mnayefanya naye zamu, na ikiwezekana nahodha au afisa mkuu. Kosa lenu lilitokea kati ya watu wawili, na ni vigumu kulirekebisha kwa mmoja. Najua kampuni ndogo italalamikia gharama, na kuwatoa watu kadhaa melini kwa siku tano ni mzigo kweli. Ikishindikana, siku mbili za watu watatu ni bora kuliko siku tano za mmoja.

Kabla ya kulipa, mtu wa kampuni akiulize chuo mambo machache. Mwangalizi kwenye zoezi ni mtu halisi au mkufunzi anayejibu kwenye simu ya ndani? Mfano wa meli unafanana na yenu kwa ukubwa na mwendo, au mtajifunza kwa meli ya makontena ya mita 300? Ipo ramani ya mkondo wa Zanzibar, Dar es Salaam au Kilindini? Rada na ECDIS zao ni za aina mliyo nayo? Mkufunzi amewahi kusimama zamu kwenye maji kama yetu? Vyuo vya Dar es Salaam na Mombasa hutoa mafunzo ya uongozaji meli, na kwa hali yako sioni sababu ya kwenda ng'ambo. Yale mafunzo ya mifano midogo ya meli inayoelea ziwani, kama ya Port Revel nchini Ufaransa, ni mazuri sana, lakini yanawafaa marubani wa meli na manahodha wanaojifunza tabia ya meli kubwa kwenye maji finyu. Tatizo lako halipo huko.

Ukiwa nyumbani unaweza kutumia programu ya bure kama Bridge Command kwenye kompyuta yako kujizoeza kusoma taa na mielekeo ya vyombo usiku. Itakunoa jicho. Haitakufundisha kuzungumza na mwenzako, kwa hiyo isichukue nafasi ya kozi.

Wala usisubiri kozi ili uanze. Kuanzia zamu yako ijayo, kubalianeni na mwangalizi kwamba kila anachokiona atakisema, hata akiamini umekiona: "Taa nyeupe moja, nyuzi 30 kulia." Nawe ujibu kwa maneno, "Nimeiona," au "Sijaiona, nionyeshe," na asinyamaze mpaka apate mojawapo ya majibu hayo. Kipimo cha umbali cha rada kibadilishe kwa mpangilio, kutoka 12 kwenda 6 na 3 na kurudi, hasa pale chombo kimoja kinapokukamata jicho. Kizuizi cha mwangwi wa mawimbi kishushe mara kwa mara kwa muda mfupi uone kilichokuwa kimefichwa. Kanuni ya 7 ya zilezile kanuni za migongano inakataza kukisia kwa taarifa chache za rada; skrini safi nayo ni taarifa chache. Na ukihisi mambo yamekuwa mengi, mwite nahodha mapema, kabla hujawa na uhakika kwamba unamhitaji.

Kama tukio lile halijaandikwa, liandike. Kanuni za usimamizi wa usalama wa meli, ISM, zinaitaka kampuni ipokee na kuchunguza matukio ya kunusurika, na iwe na mtu aliyeteuliwa ufukweni mwenye njia ya moja kwa moja kwa wakuu. Angalia pia saa zako za mapumziko za wiki ile. Mkataba wa STCW unataka angalau saa 10 ndani ya kila saa 24 na saa 77 ndani ya siku saba. Kama hazikutimia, hilo ni sehemu ya ripoti, na hakuna kozi itakayoliziba.

Sasa kuhusu moyo kudunda. Baada ya tukio kama hilo mwili hubaki na tahadhari kwa muda, na kwa wengi hupungua taratibu. Ila wewe unasema ni miezi sasa. Kwa hiyo nakushauri umwone daktari ana kwa ana kabla ya mkataba wako ujao, tena umweleze kwamba unasimama zamu za usiku, na umwombe akupime macho pamoja na mengine. Usikawie kabisa iwapo huoti ila tukio lile, iwapo umeanza kutegemea pombe ili ulale, au iwapo umewahi kuganda mkono ukashindwa kutoa amri. Ukifikia hapo, mwombe nahodha usisimame zamu ya peke yako hadi uonwe. Ukiwa safarini, huduma ya SeafarerHelp ya shirika la ISWAN hupokea mabaharia bure, saa 24, kwa siri.

Na umweleze mkufunzi siku ya kwanza, faraghani, yaliyokupata. Mkufunzi mwenye busara hatakutupa asubuhi ileile kwenye usiku wenye meli kubwa upande mmoja na boti isiyo na taa upande wa pili. Atakuanzisha mchana, kwenye maji mapana, aongeze giza na vyombo kidogo kidogo, na zoezi linalofanana na lako alilete siku ya tatu au ya nne, mwangalizi wako akiwa amesimama kando yako.